Kusoma Bila Kuhoji Wala Kutenda: Mipaka ya Elimu ya Kitabuni

Kusoma peke yake humpa msomaji madai. Kitabu husema kwamba jambo fulani liko hivi, kwamba tukio fulani lilitokea, kwamba dawa fulani huponya. Msomaji akishaelewa sentensi, amejua mwandishi amesema nini. Bado hajajua kama mwandishi amesema kweli, wala hajaweza kulitenda lile lililosemwa. Hatua hizo mbili, ya kupima maandishi na ya kuyatia kazini, hazimo ndani ya ukurasa. Hutoka kwa msomaji mwenyewe, kwa walimu na wenzake, na kwa vitu vyenyewe vinavyozungumzwa: mwili, udongo, mashine, fedha. Zinapokosekana, mtu anaweza kusoma miaka mingi, akafaulu mitihani na kutunukiwa vyeti, na asitambue kosa lililochapishwa mbele ya macho yake.

Methali ya Kiswahili inasema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na ndani yake yamo mafundisho ya Kiislamu yanayomtaka mwenye ilimu aonekane kwa matendo. Methali hiyo imegusa nusu ya suala. Nusu ya pili ni kwamba amali isiyotanguliwa na kuhoji ina hasara zake, na baadhi ya hasara hizo zimetokea katika ardhi ya Afrika Mashariki na kuandikwa katika kumbukumbu za serikali.

Historia ya tiba inaonyesha wazi jinsi kitabu kizuri kinavyoweza kugeuka kizuizi. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, aliandika vitabu vilivyofundishwa kwa zaidi ya miaka 1,300, kwa Kigiriki, Kiarabu na Kilatini. Alikuwa mchunguzi hodari. Lakini katika mazingira yake kupasua maiti ya mtu hakukukubalika, kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akayahamishia kwa binadamu yale aliyoyaona. Ndiyo maana vitabu vyake vilisema taya la chini la mtu ni mifupa miwili iliyoungana, na kwamba chini ya ubongo wa mtu kuna wavu wa mishipa ya damu, wavu ambao kwa hakika umo katika kondoo na ng'ombe.

Kosa la taya halikuhitaji chombo chochote kuligundua. Lilihitaji mtu aangalie mfupa. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyekuwa Misri wakati wa njaa kuu ya miaka 1200 hadi 1202, alipata habari za mahali palipolundikana mifupa ya waliokufa, akaenda na wanafunzi wake. Walikagua mafuvu zaidi ya 2,000. Kila taya la chini walilolishika lilikuwa mfupa mmoja, bila kiungo katikati. Al-Baghdadi hakumdharau Galen. Alimsifu kwa umakini wake, kisha akaandika kwamba ushahidi wa macho una haki ya kufuatwa kuliko maneno yake. Kati ya Galen na ziara hiyo ilipita takriban miaka 1,000, na kila mwaka katika hiyo kulikuwa na matabibu waliosoma sura ile ile huku wakiwa na mataya yao wenyewe ya kupapasa.

Ulaya ilichelewa zaidi. Katika vyuo vya tiba vya karne za 14 na 15, somo la upasuaji wa maiti liligawanywa: profesa alikaa juu ya kiti kirefu akisoma kitabu kwa Kilatini, kinyozi mpasuaji alikata, na mtu wa tatu alionyesha kwa fimbo kiungo kilichotajwa. Aliyesoma hakugusa, na aliyegusa mara nyingi hakukijua Kilatini. Mpangilio huo ulihakikisha kwamba kitabu na mwili havikutani ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Andreas Vesalius aliuvunja katika Chuo Kikuu cha Padua kwa kushika kisu mwenyewe, na mwaka 1543, akiwa na miaka 28, akachapisha kitabu chake kikuu cha maumbile ya mwili wa binadamu. Humo alikiri kwamba yeye pia alikuwa akifundisha habari za ule wavu wa mishipa, na kwamba ili auonyeshe alitumia kichwa cha mnyama pembeni ya kichwa cha mtu. Alikuwa ameshika kisu, maiti iko mbele yake, na bado kwa muda aliona kile alichokuwa amekisoma. Jacobus Sylvius, aliyekuwa mwalimu wake Paris, alimshambulia vikali na kudai kwamba pale mwili unapotofautiana na Galen, ni mwili wa binadamu uliobadilika tangu enzi zake.

Habari hii ina sehemu mbili zisizotajwa mara nyingi. Ya kwanza ni kwamba Galen mwenyewe aliwahimiza wasomaji wake wapasue na waone kwa macho yao. Waliomtukuza kwa karne nyingi walihifadhi matokeo yake na kuacha njia yake. Ya pili ni kwamba kuhoji kwa akili tu nako kuna uwezo wake. Ibn al-Nafis wa Damascus na Cairo, katika karne ya 13, alikataa dai la Galen kwamba damu hupita kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine kupitia vitundu vya ukuta wa kati, akaeleza kwamba hupitia mapafuni. Aliandika kwamba hakuwa mtu wa kupasua maiti. Hoja yake ilikuwa sahihi, lakini kwa kuwa haikuendelezwa kwa majaribio wala kuingizwa katika ufundishaji, ilibaki katika miswada, na Ulaya ililazimika kulifikia jambo hilo tena katika karne ya 16.

Kwa nini watu wenye akili nzuri husoma bila kuhoji? Ibn Khaldun alitafuta jibu mwaka 1377, katika Muqaddimah, na alilitafuta katika mpangilio wa masomo badala ya tabia ya mwanafunzi. Alieleza kwamba katika madrasa za Morocco ya wakati wake mwanafunzi aliandikiwa kukaa miaka 16, na kwamba wengi walimaliza muda huo wakiwa wamehifadhi mengi kuliko wanavyohitaji, huku wakiwa kimya katika vikao vya elimu, hawawezi kujadili wala kufundisha. Kwake ustadi wa elimu ni uwezo unaojengwa, na njia nyepesi ya kuujenga ni kuutumia ulimi katika mjadala. Alilalamikia pia wingi wa muhtasari. Vitabu vilivyofupishwa sana, alisema, humlundikia anayeanza matokeo ya mwisho kabla hajawa tayari kuyapokea, na kumnyima ule urudiaji na ufafanuzi unaojenga ustadi. Mwanafunzi wa leo wa Dar es Salaam anayeingia chumba cha mtihani akitegemea desa alilonakili kutoka kwa aliyemtangulia yumo katika hali hiyo hiyo: amepata majibu, hakupata njia iliyoyazaa.

Saikolojia ya karne hii imeongeza sababu nyingine, nayo ni ya kutia wasiwasi zaidi kwa kuwa haitegemei uvivu. Msomaji hupotoshwa na wepesi. Maandishi yaliyosomwa mara ya pili na ya tatu hupita akilini bila kukwama, na wepesi huo huchukuliwa kuwa ni kuelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya sayansi. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likafunika maandishi na kujaribu kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83 na wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojipima walikuwa na 61. Na walipoulizwa mwishoni mwa vipindi hivyo watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliokuwa na uhakika mkubwa ni wale waliosoma tu.

Hilo ni la kumbukumbu. Kwa upande wa uelewa, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2002 kwamba watu hujiona wanajua jinsi zipu, kufuli au choo cha kuvuta maji kinavyofanya kazi, mpaka waombwe waeleze hatua kwa hatua. Wakishajaribu kueleza, hupunguza wenyewe alama walizojipa. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyewakosoa. Kitendo cha kueleza kilitosha kuwaonyesha pengo ambalo kusoma na kutazama kwa miaka kulikuwa kumelifunika. Ndiyo sababu mwanafunzi anayemfundisha mwenzake chini ya mwembe naye hupata faida.

Kuna imani ya kale zaidi, kwamba kujua kusoma na kuandika kwenyewe humfanya mtu afikiri kimantiki. Imani hiyo ilipimwa na Sylvia Scribner na Michael Cole kwa Wavai wa Liberia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981. Wavai walifaa kwa sababu walikuwa na maandishi ya aina tatu: Kiingereza kilichofunzwa shuleni, Kiarabu kilichofunzwa kwa Kurani, na hati ya Kivai yenyewe, ambayo watu walifundishana nyumbani na kuitumia kwa barua na hesabu za biashara. Kwa hiyo iliwezekana kutenganisha kusoma na kwenda shule. Waliojua hati ya Kivai bila kupitia shule hawakuwazidi wasiojua kusoma katika mafumbo ya mantiki. Waliosoma Kurani walikuwa hodari katika aina ya kukumbuka inayofanana na jinsi walivyohifadhi, na waandishi wa barua za Kivai walikuwa hodari wa kumpa mtu maelekezo yanayoeleweka. Kila aina ya kusoma ilizaa uwezo unaolingana na kazi iliyofanywa nayo. Asiyezoeshwa kuhoji maandishi hapati uwezo wa kuhoji kwa kuongeza idadi ya kurasa.

Katika shule za Afrika Mashariki, kazi inayofanywa kwa maandishi kwa sehemu kubwa ni mtihani. Ronald Dore, mwanasosholojia Mwingereza, aliitumia Kenya kama mmoja wa mifano katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu maradhi ya kufukuzia vyeti. Hoja yake ni kwamba nchi zilizoanza maendeleo kwa kuchelewa hutumia vyeti kugawa ajira chache za mishahara, na ushindani huo huila elimu kutoka ndani. Miaka 9 baadaye Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4 kwa nia iliyotangazwa ya kumpa mtoto stadi za mikono: useremala, ushonaji, kilimo, sayansikimu. Lakini mlango wa kuingilia sekondari ulilindwa na KCPE, mtihani ambao ukiacha insha ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Stadi za mikono hazipimwi kwa kuweka alama ya penseli kwenye herufi. Walimu walifundisha kilichopimwa, wazazi walilipia tuisheni ya kilichopimwa, na karakana, pale zilipojengwa, zikakosa vifaa. KCPE ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2023, baada ya mtaala wa umilisi kuanza kushika nafasi yake. Tanzania nayo ilikuwa imetangaza mtaala wa umahiri katika sekondari tangu mwaka 2005, na kukariri hakukukoma kwa tangazo hilo. Mtaala ukibadilika na swali la mtihani likabaki lile lile, mwanafunzi hufuata swali.

Tanzania ina tatizo jingine, na linastahili kusemwa bila kuzunguka. Mtoto husoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika kidato cha kwanza vitabu vya biolojia, jiografia na historia vinabadilika kuwa vya Kiingereza. Utafiti wa Clive Criper na William Dodd uliofanywa mwaka 1984 ulikuta kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Kabla ya hapo, Penina Mlama na May Matteru walikuwa wamefikia hitimisho la namna hiyo katika kazi yao kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtu hawezi kuihoji sentensi asiyoielewa. Anaweza kuinakili ubaoni, kuihifadhi na kuirudisha kwenye karatasi ya majibu ikiwa na nukta zake zote. Kumlaumu mwanafunzi huyo kwa kukariri ni kumlaumu kwa kutumia njia pekee aliyoachiwa.

Hata lugha inapoeleweka, kuhoji kunahitaji ruhusa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Akihofia kukosa nafasi kwenye friza, aliuingiza mchanganyiko ungali moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na kuambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na maneno hayo yakawa dhihaka darasani. Kanuni ya Newton ya kupoa ilikuwa kwenye kitabu na kila mtu alikuwa ameisoma. Aliyesikiliza ni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja shuleni kuzungumza. Alikiri hajui, akaahidi kujaribu, akarudi maabara na kumpa fundi kazi hiyo. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote.

Simulizi hiyo husimuliwa kama ushindi wa mwanafunzi dhidi ya kitabu, na ni haki yake. Lakini heshima kamili kwa Mpemba ni kufanya na dai lake kile alichofanya yeye na dai la mwalimu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wakifanya kazi Uingereza, walirudia majaribio na kuchunguza yale yaliyotangulia, wakakosa ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi; walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kwa kiasi kidogo tu kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walionyesha tabia ya aina hiyo kwa chembe ndogo zilizo ndani ya maji, katika mazingira waliyoyadhibiti wenyewe. Mjadala uko wazi. Mwanafunzi anayeambiwa leo kwamba athari ya Mpemba ni ukweli uliothibitishwa, akaiandika na kuihifadhi, anafundishwa kinyume cha alichofanya Mpemba.

Upande wa kutenda una historia yake, na Tanzania ni mahali pazuri pa kuisomea. Machi 1967 Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliokosoa shule za kikoloni kwa kumfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yako vitabuni au kwa waliosoma, na kumtenga na jamii ya wakulima iliyomlea. Kila shule ilitakiwa iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga, kufanya kazi na kujifunza kutokana na makosa yao. Kilichofuata katika shule nyingi kilikuwa jembe bila mpango. Wanafunzi walipelekwa shambani kwa zamu, mara nyingine kama adhabu. Somo la biolojia liliendelea darasani kwa ubao na chaki, na mahindi yaliyodumaa nje ya dirisha hayakuulizwa yamekosa nini. Kazi ya mikono ilikuwapo, kitabu kilikuwapo, na hakuna kilichoviunganisha. Waraka wenyewe ulikuwa umetaka kinyume cha hayo, na kushindwa huko hakumaanishi wazo lilikuwa baya. Kunaonyesha kwamba kushika jembe, kama kushika kitabu, kunaweza kufanywa akili ikiwa pembeni.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanikiwa zaidi, na tofauti iko katika utaratibu wake. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa sehemu ya kijitabu iliyohusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara au kifua kikuu, wakajadili kama tatizo hilo liko kwao na linaanzia wapi, kisha wakaamua la kufanya kabla ya kukutana tena. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa. Wengi wa washiriki walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, na wengine hawakujua kabisa. Maandishi yalisomwa na mmoja na kupimwa na wote kwa kile walichokiona nyuma ya nyumba zao. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa na UNESCO kutoka Mwanza tangu mwaka 1968 ulikuwa umeandaa njia, kwa vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyohusu pamba, ndizi, ufugaji na uvuvi.

Mfano mkubwa wa kutenda bila kuhoji ni Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aliongoza ujumbe uliozunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9 na kurudi na ripoti iliyopendekeza ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika. Ripoti ilisomwa London na mawaziri na maofisa waliojua sana kusoma. Ilikuwa na majedwali, makisio ya mavuno na ratiba. Mapema mwaka 1947 serikali iliikubali, na kazi ikaanza Kongwa bila shamba la majaribio la kutosha, kwa hoja kwamba muda hauruhusu.

Kila sentensi ya ripoti ambayo haikuwa imepimwa ikajibiwa na ardhi. Mizizi ya vichaka ilivunja matrekta. Udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali na mfinyanzi, ulisaga majembe ya plau, na mvua zilipokwisha ukakauka kama saruji, karanga zikiwa ndani yake. Mvua yenyewe ilikuwa haba na ya kubahatisha, jambo ambalo Wagogo, wanaoishi hapo kwa mifugo, mtama na uwele, walilijua kwa kulilipia kwa njaa vizazi na vizazi. Maarifa yao hayakuwa kwenye karatasi, na waliopanga walikuwa wamezoea kuamini karatasi. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Kulinganisha mpango huu na Mtu ni Afya ni halali, ingawa ukubwa na madhumuni vilitofautiana: mmoja ulipeleka maandishi kwa watu wanaoijua ardhi ili wayapime, mwingine uliyapitisha juu ya vichwa vyao.

Siku hizi maandishi yasiyopimwa hayafiki kwa ripoti ya serikali pekee. Hufika kwenye simu, yakiwa yamesambazwa mara nyingi, na ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kusoma kwa makini zaidi. Utafiti wa Sam Wineburg wa Chuo Kikuu cha Stanford unaonyesha kwamba ushauri huo hautoshi. Katika utafiti wake wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 1991, aliwapa wanahistoria 8 na wanafunzi 8 wa sekondari nyaraka kuhusu pigano la Lexington la mwaka 1775. Wanafunzi walikiamini sana kitabu cha shule. Wanahistoria walikiweka chini kabisa, chini hata ya hadithi ya kubuni, kwa sababu waliuliza nani ameandika, lini, na kwa haja gani. Miaka ya karibuni yeye na Sarah McGrew waliwaweka wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari, jumla watu 45, mbele ya tovuti zenye sura ya kuaminika. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki kwenye ukurasa, wakautazama mwonekano wake, nembo, lugha na marejeo, na wengi wakadanganyika. Wahakiki waliondoka ukurasani karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile, na wakapata jibu upesi zaidi na kwa usahihi zaidi. Umakini uliofungiwa ndani ya maandishi ya mdanganyifu humtumikia mdanganyifu.

Haifai kutokana na haya yote kudharau kuhifadhi au kusoma kwingi. Kuhoji kunahitaji cha kuhojia. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walionyesha kwamba watoto wasiosoma vizuri lakini wanaoujua mchezo wa besiboli walielewa kifungu kuhusu mchezo huo kuliko watoto wasomaji hodari wasioujua.  Al-Baghdadi aliliona kosa la taya kwa sababu alikuwa amemsoma Galen. Mtoto anayefundishwa fikra tunduizi kama somo la peke yake, bila jedwali la kuzidisha, bila tarehe, bila majina ya mito, hupewa maswali ya jumla asiyoweza kuyapeleka popote. Wala kila kusoma hakudaiwi matokeo. Riwaya, mashairi na maandiko ya ibada yana malipo yake, na kumtaka msomaji wa Shaaban Robert aonyeshe ametengeneza nini baada ya kusoma ni kukosea aina ya kazi.

Mpaka wa mwisho uko upande wa kuhoji wenyewe. Hakuna msomaji awezaye kurudia kila jaribio, na mwenye kukataa kila asichokiona hufikia ujinga ule ule kwa njia nyingine, kama wanaokataa chanjo kwa kuwa hawajawahi kuona kirusi. Ibn al-Haytham, katika kitabu chake cha karne ya 11 kinachomkosoa Ptolemy, alimtaka mtafuta ukweli ajifanye mpinzani wa kila anachosoma, na papo hapo aishuku nafsi yake anapokosoa, asije akamwonea aliyemsoma. Kipimo cha kawaida ni uzito wa kitendo kitakachofuata. Habari ya mtu maarufu inaweza kuachwa bila kupimwa, isipotumwa kwa wengine. Mkataba wa mkopo hauwezi. Muuguzi wa zamu ya usiku anayesoma kiasi cha dawa ya mtoto katika mwongozo hana maabara ya kuthibitisha dawa hiyo. Huwategemea waliokwisha kuipima. Yaliyo mikononi mwake ni kuangalia mwongozo ni wa toleo gani, kumpima mtoto uzito badala ya kuukisia, kuhakikisha kipimo kimeandikwa kwa miligramu au kwa mililita, kumwomba mwenzake apige hesabu ile ile peke yake, na kurudi kitandani baada ya saa moja kumwangalia mtoto.